Sauti Nne za Mwalimu Makokha

Kabla hujaniambia kwamba kompyuta yako imekuwa nzito na inakukwaruzia nyimbo, niambie umeiweka wapi. Juu ya godoro? Juu ya blanketi? Basi nimeshakutibu, na hata hatujasalimiana.

Mimi ni Bi Salma. Nimestaafu sasa. Macho hayaoni tena skrubu ndogo, na magoti yamegoma kupanda ngazi za lile jengo la mjini nilikokuwa na chumba changu cha ufundi, ghorofa ya juu kabisa, ambako lifti ilikuwa pambo tu. Lakini mdomo bado unafanya kazi, alhamdulillahi. Na kwa kuwa siku hizi kila kijana ana studio chumbani kwake, kati ya kabati na kikapu cha nguo chafu, nimeona niwaachie machache kabla sijayasahau.

Mimi si mwanamuziki. Nikiimba, hata paka wangu hutafuta mlango. Ila nilijikuta nikiwahudumia waimbaji kwa sababu mafundi wenzangu waliwakimbia. Karani kompyuta yake ikichelewa kidogo, atapiga miayo na kungoja. Mwimbaji ikimchelewa kufumba na kufumbua, anakupigia simu akilia, na usipopokea anamtuma mama yake akupigie.

Aliyenifundisha kazi alikuwa marehemu Bwana Sudi, mtu wa kwetu Mombasa, aliyeanza na redio na kuishia na kompyuta. Huyo bwana alikuwa ananusa mashine. Naam, ananusa! Akishafungua kifuniko anasogeza pua, halafu anasema, "Huyu anakaanga samaki karibu na mashine," au, "Hii imetoka barabarani, imekula moshi wa magari." Mimi nilimcheka mpaka siku niliponusa mwenyewe, nikamwambia mteja aache kupaka nywele mafuta akiwa amekaa mezani. Alinitazama kama mchawi. Brashi yangu ya kwanza ya kupangusa vumbi ndani ya mashine ilikuwa ya kupaka poda usoni, na mpaka leo sijaona iliyoishinda.

Usidhani ni kompyuta za kizamani tu zinazosumbua. Kijana mmoja wa Kilimani aliniita kwenye nyumba yao ya ghorofa, akanionyesha mashine mpya inayowakawaka taa za rangi zote.

"Auntie, hii kitu ni mpya kabisa, na ina-lag! Nikirap inakwaruza. Nitaichoma, naapa."

Nikatazama kioo. Nyuma ya programu yake ya kurekodi kulikuwa na bahari nzima, samaki wanaogelea, mapovu yanapanda.

"Na hawa samaki?"

"Hao? Hao ni vibe tu, auntie."

Vibe! Kila samaki aliyepunga mkia alikuwa anakula nguvu ile ile ambayo kijana aliihitaji kurekodi. Na si samaki peke yao. Alikuwa na programu tatu za kuzuia virusi, zote macho, zinakaguana zenyewe kwa zenyewe kama walinzi watatu kwenye geti moja. Kisha michezo inayojiamsha mashine ikiwashwa, programu ya kupakia picha mtandaoni, na nyingine ambazo hata yeye hakujua zilifikaje. Nikawatoa samaki, nikabakiza mlinzi mmoja, nikazima kila kinachojiamsha bila kuitwa. Akarap bila kukwaruza, mpaka nikajuta.

Mwingine alikuwa dada wa nyimbo za injili aliyekodi kichumba nyuma ya saluni, Kenyatta Market. Mashine yake ilikuwa inazima katikati ya kila aleluya. Nilikagua programu, nikakagua waya, nikatoka nje kuvuta pumzi. Nikaona mashine za kukaushia nywele zikiwashwa zote pamoja, taa ya kile kichumba ikafifia. Umeme ulikuwa mmoja, wenye kuutaka wengi. Dada hakuwa na uwezo wa kuvuta laini yake, basi tukakaa na wasusi tukakubaliana: wakisuka, anaimba, wakikausha, ananyamaza. Albamu nzima ilirekodiwa kwa ratiba ya nywele za watu.

Sasa nije kwa Mwalimu Makokha, maana yeye ndiye aliyenikalisha chini kuandika haya.

Ilikuwa Ramadhani, karibu na mwisho wa kazi yangu. Nikapigiwa simu na kijana anaitwa Barasa, mfanyakazi wa ofisi huko Kilimani.

"Auntie Salma, shikamoo. Ni mzee wangu, yuko Kangemi. Anaenda theatre wiki ijayo, wanamfanyia operation ya koo. Daktari amesema sauti inaweza isirudi. Na kuna wimbo anataka kurekodi kabla aende, lakini computer niliyomnunulia inamhangaisha."

Mwalimu Makokha alikuwa mwalimu wa kwaya kanisani kwao tangu Barasa hajazaliwa. Alitunga nyimbo, na mmoja kati ya hizo ulipendwa kuliko zote, lakini haukuwahi kurekodiwa. Waliouimba zamani walikuwa wametawanyika, wengine wamerudi kwao magharibi mwa Kenya, wengine wametangulia mbele ya haki. Aliyebaki akijua sauti zote nne za wimbo huo, ya kwanza mpaka besi, alikuwa yeye peke yake. Ndipo akapata wazo la kuziimba zote nne mwenyewe, moja juu ya nyingine, ili vijana wa kwaya wajifunze kila mmoja sehemu yake. Koo lake likinyamaza kabla ya hapo, wimbo umekwisha.

Nikaenda siku hiyo hiyo. Mlango ulifunguliwa na mkewe, Mama Barasa, mama mnene mwenye uso wa furaha. Akanitazama, akatazama nyuma yangu.

"Karibu, karibu sana. Na fundi amebaki kwa stage ya matatu?"

"Fundi ndiye mimi, mama."

"Ai! Basi karibu mara mbili."

Sebule ile, wanangu, ilikuwa imevaa. Viti vimevaa vitambaa vya kufuma, televisheni imevaa, redio imevaa, friji imevaa, mtungi wa gesi nao una sketi yake yenye maua. Kompyuta peke yake ndiyo ilikuwa uchi mezani, nami sikujiuliza kwa nini.

Mwalimu mwenyewe alikuwa amefunga tai, ndani ya nyumba yake, mchana wa joto. Mtu haimbi bila tai, aliniambia. Sauti yake ilikuwa imeshaanza kukwama, asubuhi ina nguvu, ikifika jioni imebaki nusu.

"Fundi, skiza hii maneno. Naimba 'do' kwa maikrofoni. Hapa kwa earphone nasikia 'do' yangu ikija nyuma. Late! Mimi nilikuwa nafukuza watu kwa kwaya sababu ya kuchelewa, sasa huyu anachelewa ni mimi mwenyewe. Nimfukuze wapi?"

Hilo ndilo tatizo la kwanza utakalokutana nalo, kwa hiyo sikiliza. Sauti ikiingia kwenye kompyuta haipiti moja kwa moja. Inatekwa kwanza kwenye chombo, tunakiita bafa, chombo kikijaa ndipo inapelekwa. Weka chombo kikubwa kama ndoo, mashine haichoki, lakini wewe unangoja ndoo ijae, unajisikia umechelewa. Weka kidogo kama kikombe, unajisikia papo hapo, lakini mashine inakwenda mbio kisimani bila kupumzika, na ikiishiwa nguvu inamwaga. Kule kumwaga ndiko kukwaruza kwenyewe. Ukiimba, tumia kikombe. Ukishamaliza kuimba na unapanga sauti zako tu, tumia ndoo. Mwalimu alikuwa anaimba na ndoo.

Nikampa kikombe. Nikazima vinavyojiamsha, nikazima intaneti, nikaiambia mashine isibane matumizi ya umeme. Nikaweka programu sahihi ya kile kisanduku cha kuunganisha maikrofoni, ile ya watengenezaji wake wenyewe, maana ukitumia ya kuokota utajuta. Tukajaribu. Sauti ikawa safi. Mwalimu akatabasamu mpaka tai ikacheza.

Mama Barasa akaleta chai. Nikamwambia nimefunga.

"Pole mama wee! Na umekunja mgongo hivyo tangu asubuhi!"

Akapotea jikoni. Wakati wa kutoka akaniwekea mkononi hotipoti nzito. "Hii ni ya kufungulia. Na usiogope, huyo kuku amechinjwa na Hamisi wa hapo dukani. Mimi nimezaliwa karibu na Mumias, kwa Waislamu wengi, hayo mambo nayajua."

Nilifungua swaumu kwa kuku yule, nikamwombea dua.

Kesho yake simu ikalia. "Fundi! Imerudia. Sasa inakaanga bisi. Naimba, inapasuka pa-pa-pa."

Nikarudi Kangemi. Nikakuta mashine imetulia kama mtoto aliyeona mgeni. Mwalimu akaimba, hakuna bisi. Akaimba tena, hakuna. Nikaona nisibahatishe. Nikatoa diski ya zamani inayozunguka nikaweka ile mpya isiyozunguka, nikaongeza memori, nikapangusa vumbi kwa brashi yangu. Nikafuta na mahubiri ya video yaliyokuwa yamejaza nafasi, kwa idhini yake, ingawa aliyatazama yakiondoka kwa huzuni. Mashine ikawa inakimbia. Nikaenda nyumbani South C nikitembea kama mtu aliyeshinda kesi. Sijafika, simu. Bisi.

"Hii mashine inakuogopa wewe," Mwalimu akasema. Alikuwa anajaribu kutania, lakini sauti ilimkatika katikati ya neno, nikamsikia akikohoa muda mrefu, na Mama Barasa akimwambia anywe maji.

Hapo sikucheka tena. Kila wimbo ulioharibika alikuwa anaurudia, na kila akirudia, ile sauti iliyobaki ilikuwa inapungua. Yule mzee alikuwa anaimaliza sauti yake kwenye majaribio yangu. Niliona haya, niseme kweli, na niliogopa.

Barasa naye akapiga. "Auntie, si ninunue tu mpya? Naileta kesho, tumalize hii story."

Nilikaribia kukubali. Ningekubali, nayo hiyo mpya ingekaanga bisi vile vile, na sote tungesema ni mkosi.

Kilichotuokoa ni hotipoti. Ilikuwa bado jikoni kwangu. Nyinyi siku hizi mnarudisha chombo cha mtu kitupu, kimeoshwa tu, na mnaona mmefanya adabu. Kwetu chombo kikija na kitu kinarudi na kitu. Basi siku moja kabla ya Mwalimu kwenda hospitali nikakaanga kaimati, nikazitia shira, nikajaza hotipoti ya Mama Barasa, nikaenda Kangemi bila kupiga simu. Sikubeba hata bisibisi. Nilitaka nirudishe chombo, nimpe mzee pole, na nimwambie kwa mdomo wangu kwamba nimeshindwa.

Mlango ulikuwa wazi, sauti ya Mwalimu inatoka ndani, na juu yake bisi zinapasuka. Nikapiga hodi nikaingia. Nikasimama na hotipoti yangu.

Kompyuta ilikuwa imevaa. Gauni zima! Kasha limefunikwa juu mpaka chini, mbele na nyuma, sufi nene ya buluu yenye kingo nyeupe, na ndani limetiwa bitana ya nailoni. Kioo kimefunikwa mgongo na mabega. Kilichobaki nje ni uso wa kioo na kibodi. Nikaweka mkono juu ya lile gauni. Ungeweza kupashia chapati.

"Mama Barasa, hiki ni nini?"

"Ni cover, si unaona. Barasa alisema adui ya computer ni vumbi. Nikafuma. Hiyo nailoni ni ya kuzuia kabisa."

"Na mbona mimi sijawahi kuiona?"

Akashangaa swali lenyewe. "Si wewe ni fundi? Daktari akija, mgonjwa anavuliwa. Ukisema unakuja naitoa, naifua, ukienda naivalisha tena. Ningekuacha uone ikiwa chafu?"

Sasa hapo ndipo pagumu kuliko waya zote. Mwanamke amefuma kwa mkono wake, kwa mapenzi, kwa ajili ya mume anayeumwa, na wewe mgeni unataka kumwambia kwamba gauni lake ndilo linaloua wimbo. Niliishika ile kazi, nikaigeuza, nikasifu kingo, na sikudanganya, zilikuwa kingo safi. Halafu nikamwelekeza mkono wake nyuma ya kasha.

"Mama, hii inapumua. Hapa nyuma ina feni, inatoa joto. Ikizibwa inapata moto, na ikipata moto inapunguza mwendo yenyewe isije ikaungua. Ikipunguza mwendo wakati Mwalimu anaimba, inamwaga sauti."

Akauacha mkono pale pale, joto likimpiga kiganjani. Kisha akasema polepole, "Kwa hivyo ni mimi nimekuwa nikimharibia mzee."

"Hapana," Mwalimu akadakia kutoka kitini, tai imelegea. "Wewe umeivalisha sweta. Kosa ni ya hao watu walitengeneza computer na hawakusema inasikia joto."

Nikasema na mimi nina kosa, nimekuja mara mbili na macho yangu mawili nikaona nyumba nzima imevaa isipokuwa mgonjwa wangu. Mama Barasa akacheka kidogo, akafuta macho kwa kona ya leso, kisha akaivua kompyuta kama mtu anayemvua mtoto mwenye homa. Lile gauni akalikunja, akalikalia.

Tukafungua dirisha, tukaacha mashine ipoe. Mama Barasa hakuweza kungoja tu, akachukua mfuniko wa sufuria akawa anaipepea kama jiko la makaa. Mwalimu akala kaimati, akisema sukari si nzuri kwa mwimbaji, akaongeza nyingine.

Kisha akafunga tai vizuri, akaanza. Besi ikaingia bila doa. Sauti ya tatu ikaingia. Ya pili ikamsumbua kidogo, akairudia, na mashine ikamngoja kwa adabu. Kila alipopumzika, mfuniko ulipepea. Tulipofika sauti ya kwanza, ile ya juu ya wanawake, koo lilikuwa limechoka. Aliipandia, ikakatika. Akaipandia tena, ikakatika. Mama Barasa aliacha kupepea akainama, sikuona uso wake.

"Mwalimu," nikasema, "iimbe chini, daraja moja zima. Vijana wataipandisha wenyewe."

"Sauti ya kwanza haiimbwi chini."

"Leo itaimbwa."

Akanitazama kwa hasira ya mwalimu wa kwaya, kisha akafumba macho akaiimba chini, karibu kunong'ona, mpaka mwisho. Nilihifadhi faili mara tatu, mahali patatu tofauti. Adhana ilikuwa inaingia kwenye simu yangu. Mama Barasa akaniletea maji na chai, na safari hii nikanywa kwake, kikombe baada ya kikombe.

Operesheni ilikwenda vizuri, namshukuru Mungu. Uhai ulibaki. Sauti haikurudi. Mwalimu sasa ananong'ona, na kuimba hawezi.

Baada ya Idi Barasa alinitumia ujumbe nisafishe ile rekodi kwa ajili ya kwaya. Nikakata vikohozi, nikakata kelele za nje, nikakata maneno yote yaliyosemwa katikati ya wimbo, zikabaki sauti nne tupu zikiimba pamoja. Nikaipeleka Kangemi nikijivuna. Vijana wa kwaya wameshajifunza kutoka kwayo, nimewasikia kanisani nikiwa nimesimama nje mlangoni, na sauti ya kwanza wameipandisha mahali pake.

Mama Barasa alisikiliza ile safi mpaka mwisho, akashukuru. Kisha akaniuliza, "Na ile chafu iko wapi?"

"Ipo. Nilitaka kuifuta, inajaza diski."

"Usiiguse. Niwekee hiyo."

Mwalimu akatikisa kichwa, akanong'ona kwamba vikohozi vinaharibu wimbo. Nikamwekea mkewe ile chafu, yote, tangu siku ya kwanza ya bisi, na tukakaa watatu na vikombe vyetu kuisikiliza. Kikohozi. Karatasi. Mwalimu anagombana na mashine. Mwalimu anahesabu moja, mbili, tatu. Besi inaanza, inakatishwa, na ile sauti yake nzito ya zamani inajaza sebule: "Mama Barasa! Funga mlango, kuku wanaingia kwa wimbo!"

Mama Barasa akainuka. Aliweka kikombe chini, akavuka sebule haraka haraka, akafika mlangoni. Mlango ulikuwa umefungwa. Mwalimu mabega yalikuwa yanamtikisika kwa kicheko kisichotoka. Mkewe hakugeuka. Alisimama pale ameshika kitasa, ametupa mgongo, akisikiliza mpaka besi ikaisha.